Neno la Mlangoni Ndilo Limchagualo Mteja

(Haya ndiyo maneno ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya wenye maduka madogo, mafundi na wachuuzi wa mashambani na mijini.)



Mtu afunguapo duka hufikiri kwanza juu ya fedha za kuanzia, kisha juu ya mahali, kisha juu ya bidhaa. Mwisho wa yote, wakati mchoraji amekwisha kufika na kopo lake la rangi, ndipo huulizwa, "Niandike nini?" Mara nyingi huandikwa yale yale yaliyoandikwa kwa jirani: "Bei nafuu. Karibuni wote." Mchoraji hulipwa, na jambo hilo huhesabiwa kuwa limekwisha.

Kumbe ndipo linapoanza. Maneno yale machache yatasema na kila apitaye njiani, mwaka hata mwaka, hata wakati mwenyewe amekwenda kununua mali au amelala nyumbani. Wala hayasemi na watu wote kwa namna moja. Kila neno huwaita watu wa namna fulani, na wengine huwaacha wapite. Kwa hiyo mfanyabiashara asichague neno kwa kuwa ni tamu masikioni. Alichague kwa kumfikiria mtu anayetaka aingie mlangoni mwake.

Jambo hili si la mapambo. Biashara ndogo ina akiba ndogo. Miezi mitatu ya wateja wasiofaana na kazi yake yatosha kuzila fedha za kuanzia, na pamoja nazo karo ya watoto.

Wako wasemao, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," na kwa hiyo hapana haja ya kuhangaika na maneno. Methali hiyo ni kweli kwa yule aliyekwisha kukionja kizuri chenyewe. Lakini mgeni ashukaye katika gari kituoni, akaona milango mitano ya chakula imefuatana, bado hajaonja cho chote. Alicho nacho ni njaa yake, macho yake, na maneno yaliyo mbele yake. Mlango mmoja wasema, "Chakula tayari." Wa pili wasema, "Chai na maandazi tangu saa kumi na moja alfajiri." Wa kwanza haukumwita mtu ye yote hasa. Wa pili umewaita mlinzi atokaye kazini, utingo wa gari la kwanza na mwanamke aendaye sokoni mapema; nao wakizoea, watapita hapo kila siku.

LESO ZAFUNDISHA

Watu wa pwani wamelijua jambo hili tangu zamani kwa njia ya leso, ambazo wengine huziita kanga. Leso huuzwa kwa doti, yaani mbili pamoja. Ina pindo pande zote, ina mji katikati, na ina jina, ndiyo maneno yaliyopigwa chapa juu yake. Huko Mombasa, kampuni ya Kaderdina Hajee Essak, iliyoanza biashara mwaka 1887, na ambayo alama yake ya "Mali ya Abdulla" yajulikana sana katika Afrika ya Mashariki, husifiwa na wengi kuwa ndiyo iliyoanzisha desturi ya kutia maneno katika leso mwanzoni mwa karne ya 20. Hapo kwanza maneno hayo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Baadaye yakaandikwa kwa herufi za Kirumi.

Fikirini doti mbili zilizotundikwa dukani. Pamba ni ile ile, rangi ni zile zile, bei ni moja. Ya kwanza yasema, "Nani kama mama." Ya pili ina maneno ya kumpiga jirani kijembe. Binti aendaye kumzuru mamaye ataichukua ya kwanza bila kusita. Ya pili hawezi kuinunua kwa zawadi hiyo, hata akipunguziwa nusu ya bei. Lakini yuko mwanamke mwingine, aliyekwisha kuchoshwa na maneno ya uani, atakayeipita ya kwanza na kuishika ya pili. Asiyejua kusoma humwomba mwenzake amsomee kabla ya kutoa fedha, kwa kuwa ajua kwamba anunua kitambaa pamoja na neno.

Tazameni pia yale ambayo mwenye leso hakuyaandika. Hakuandika kwamba pamba ni imara, wala kwamba bei ni ndogo, ingawa huenda yote mawili ni kweli. Aliandika lile lililo moyoni mwa mnunuzi. Basi neno likawa limemchagua mnunuzi kabla muuzaji hajafungua kinywa.

FEDHA KWENDA NYUMBANI

Mfano wa pili ni wa kampuni kubwa, lakini mwenye duka dogo aweza kujifunza kwake. Mwezi wa Machi mwaka 2007 Safaricom ilianzisha huduma ya M-Pesa katika Kenya. Kampuni ingaliweza kusifu mitambo yake na ufundi wa simu. Haikufanya hivyo. Jina lilichukua neno "pesa", ambalo hata mtoto alijua, na tangazo lake la kwanza lilikuwa na maana fupi: tuma fedha nyumbani.

Wakati ule wafanyakazi wengi wa mijini walipeleka fedha kwa mkono wa jamaa asafiriye, au kwa dereva wa basi, au kwa posta, na mara kwa mara fedha zilichelewa au zikapotea njiani. Tangazo lile lilisema na hao. Halikusema na tajiri mwenye hesabu katika benki mbili. Ni kweli kwamba maneno peke yake hayakufanya kazi yote. Walihitajika mawakala karibu na watu, na ada ambayo mtu wa kawaida aweza kuilipa. Walakini maneno ndiyo yaliyomjulisha mtu wa mshahara mdogo kwamba jambo hili lilikuwa lake, si la wakubwa tu.

NENO "RAHISI" NA WATU WAKE

Sasa chukueni mfano wa kubuni, ambao hesabu zake ni za kuonyesha njia tu. Wako mafundi cherehani wawili katika soko moja, wote wakishona sare za shule. Wa kwanza ni mwanamume, ameandika: "Sare rahisi kuliko kwa wote." Wa pili ni mwanamke, ameandika: "Sare za shule. Mishono miwili. Upindo mrefu wa kufumuliwa mtoto akirefuka."

Aingiaye kwa fundi wa kwanza ameitwa na bei, na kwa hiyo neno lake la kwanza ni, "Mwisho wako ngapi?" Akitajiwa, husema kwamba ng'ambo ya barabara wamepunguza shilingi 50. Fundi hana jibu, maana yeye mwenyewe ndiye aliyetangaza kwamba jambo kubwa ni bei. Mwishowe gauni lauzwa kwa shilingi 750. Kitambaa na uzi vimekula shilingi 600, zikabaki 150. Akishona magauni 20 amepata shilingi 3,000. Na siku atakapofika fundi wa tatu na kuandika "rahisi zaidi", wateja wale watahama wote, wala hawatakuwa wamemkosea. Waliitwa na bei, na bei imewaita mahali pengine.

Aingiaye kwa fundi wa pili ni mzazi aliyenunua magauni mawili mwaka jana kwa sababu mtoto alirefuka katikati ya mwaka. Mzazi huyo haanzi kwa kuuliza bei; huligeuza gauni aone upindo. Bei ni shilingi 950. Kitambaa kilichozidi na uzi wa mshono wa pili vimepandisha gharama hata shilingi 650, zikabaki 300. Akishona magauni 12 tu amepata shilingi 3,600. Amepungukiwa na magauni manane, amezidi kwa shilingi 600, na nafasi ya kuyashona yale manane imebaki kwa kazi nyingine.

Lakini haifai kuficha upande wa pili wa hesabu. Mzazi mwenye shilingi 750 tu mfukoni amempita fundi huyu. Tofauti ni kwamba fundi wa pili alijua nani atapita, na alikubali. Fundi wa kwanza hakuchagua, alichaguliwa.

Je, neno "rahisi" ni baya? La. Mtu anunuaye mali kwa wingi, tena kwa bei ya chini, na kuiuza upesi, nguvu yake ni bei, na yafaa aitangaze. Hatari ni kwa mwenye mtaji mdogo asiyeweza kushuka zaidi. Huyo akiandika "rahisi" ametoa ahadi ambayo wengine wataivunja kwa niaba yake.

Katika soko la Gikomba, Nairobi, wauzaji wa mitumba wamelipanga jambo hili vizuri. Nguo zilizochaguliwa kwanza, ambazo hali yake ni njema, huitwa "kamera". Zile zibakizo mwisho huitwa "fagia". Afuataye kamera hashangai kutajiwa bei kubwa. Afuataye fagia huinama na kuchakura mwenyewe, wala hatarajii kufungiwa vizuri. Maneno mawili yamewagawanya watu pasipo kumtukana ye yote, na kila mmoja amepata alichokuja kutafuta.

Hali kadhalika, aandikaye "bei ni maelewano" amewaita wapendao kushindania bei, na yampasa kuwa na saa za kuzungumza nao. Aandikaye "bei moja" amewaita wenye haraka. Mtu mmoja akiwa peke yake dukani, na foleni imefika nje, neno la pili laweza kumfaa kuliko la kwanza.

UBAO UNAOGOMBA

Kuna maneno mengine ambayo hayakusudiwi kuwa tangazo, nayo ni tangazo kubwa. Katika maduka mengi yameandikwa, "Leo taslimu, kesho mkopo," au "Kukopa harusi, kulipa matanga." Mwenye duka ana sababu. Amekopwa, hakulipwa, na uchungu wake ni wa haki.

Lakini nani asomaye maneno yale? Wenye deni labda ni watatu. Nao hawayasomi, wakitaka kukopa tena huja jioni na kuzungumza pembeni kwa sauti ya chini. Wayasomao ni wale mia wenye fedha mkononi, na miongoni mwao mgeni aliyeingia kwa mara ya kwanza. Jambo la kwanza aliloambiwa ni kwamba adhaniwa kuwa mdanganyifu. Biashara haigombi. Ingetosha kuandika, "Malipo ni taslimu au kwa simu." Hiyo ni kanuni, haimshtaki mtu. Na wale watatu wakumbushwe deni lao faraghani, kila mmoja kwa jina na tarehe iliyoandikwa, maana mali bila daftari hupotea bila habari.

Maneno mengine hufukuza watu bila mwenyewe kujua. Auzaye mahitaji ya shamba huandika "pembejeo za kilimo", kwa kuwa ndivyo vitabu visemavyo. Lakini mkulima atokaye nyumbani asubuhi hasemi kwamba aenda kununua pembejeo. Husema, "Naenda kununua mbolea." Akipita mbele ya neno asilolitumia, hudhani kwamba duka ni la watu wa miradi mikubwa, na huenda mbele. Vivyo hivyo ubao wa lugha ya kigeni, katika mtaa ambao watu huzungumza Kiswahili au lugha ya nyumbani, humwambia bibi mzee kwamba hapo hapamhusu, hata kama ndani yauzwa sukari ile ile.

Kinyume chake, duka liandikalo "Mafuta ya kupima, hata ya shilingi 20" limemfungulia mlango mtu apataye mshahara wake siku kwa siku. Faida ya kila kipimo ni ndogo, na kazi ni nyingi: lazima pawe na vipimo vya haki, chenji, na uvumilivu. Lakini mtu huyo atarudi kesho na kesho kutwa, na akija kwa mafuta atakumbuka pia chumvi na kiberiti.

NENO LIWE NA MALI NYUMA YAKE

Yote haya yana sharti moja, nalo ni ukweli. Mchele wa pishori wa Mwea, katika Kaunti ya Kirinyaga, hupendwa kwa harufu yake nzuri, na huuzwa ghali kuliko mchele mwingi uletwao kutoka ng'ambo. Kwa sababu hiyo wako wauzaji wauchanganyao na mchele wa bei ndogo, kisha wakaandika "pishori". Hawakufikiri neno hilo linamwita nani. Linamwita mtu aujuaye mchele kwa pua na kwa ulimi. Yaani, katika watu wote wa mtaa, limemwita yule aliye hodari kuliko wote wa kuugundua uwongo. Auzaye mayai ya kizungu kwa jina la mayai ya kienyeji amejitia katika shimo lile lile. Wasiojali tofauti hawakulifuata neno lake. Wameitwa wajuzi, nao watakwenda kusimulia.

Sheria nayo ina neno. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, yatambua haki ya wanunuzi kupata bidhaa za hali inayofaa na habari wanazohitaji, na yaagiza itungwe sheria ya kuwalinda na ya kuhakikisha matangazo ni ya haki, ya kweli na ya adabu. Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya mwaka 2012 yakataza maneno ya uongo au ya kupotosha juu ya bidhaa. Lakini kwa duka dogo, hukumu ya jirani hufika kabla ya hukumu ya korti. Njia ya mwongo ni fupi.

MAMBO YA KUFANYA

Basi mwenye biashara afanye nini? Hana haja ya fedha nyingi. Ana haja ya daftari, chaki na masikio.

Kwanza, amweleze katika daftari, kwa sentensi moja, mtu anayetaka kumhudumia. Asiandike "watu wote". Aandike, kwa mfano, "wazazi wanunuao sare mara moja kwa mwaka," au "madereva wanaotaka kula na kuondoka kwa robo saa." Asiyeweza kuiandika sentensi hiyo bado hajawa tayari kumwita mchoraji.

Pili, awasikilize watu hao wasemavyo, kisha atumie maneno yao. Wakisema "mbolea", aandike "mbolea". Wakisema "mtoto akirefuka", ayachukue maneno hayo kama yalivyo.

Tatu, mahali pa sifa aweke jambo. "Bora", "safi" na "maridadi" yameandikwa kila mahali hata yamekuwa kama ukuta mtupu. Kuliko kuandika "maziwa bora", aandike "maziwa yaliyokamuliwa leo asubuhi". Kuliko "fundi hodari wa viatu", aandike "kiatu kiletwacho asubuhi chachukuliwa jioni". Jambo laweza kupimwa, na kwa hiyo lamwita mtu alihitajiye. Tena lambana mwenye duka asilegee.

Nne, ajaribu kabla ya kutia rangi. Aandike kwa chaki kwa mwezi mmoja, na kila ajapo mgeni aandike katika daftari mambo matatu: aliuliza nini kwanza, alinunua nini, na kama alirudi. Mwezi ufuatao abadili mstari mmoja tu, kisha alinganishe. Akibadili bei, bidhaa na maneno kwa siku moja, hatajua ni lipi lililoleta watu.

Tano, neno la ubaoni liwe ndilo lisemwalo na mwuzaji, na ndilo liandikwalo katika tangazo la simu. Ubao ukisema "bei moja" na kijana aliye ndani akipunguza kwa marafiki zake, watu wataliamini tendo, si ubao.

Mwenye kutengeneza haya asitazamie umati kesho yake. Huenda kwanza watu wakapungua, kwa kuwa wale walioitwa na neno la zamani wataondoka kabla wapya hawajazoea njia. Hapo ndipo wengi hutishika na kurudia "Bei nafuu. Karibuni wote." Afadhali alitazame daftari: si wangapi wameingia, bali wangapi wamerudi, na kiasi gani kimebaki baada ya kulipa gharama. Duka lenye wateja 40 warudio kila juma laweza kulisha nyumba. Duka lenye wapita njia 200 waulizao bei na kuondoka haliwezi.

Rangi ni ghali na ubao hukaa miaka mingi. Kwa hiyo mchoraji na angoje kidogo, mpaka mwenye duka ajue ni nani anayemwita.